Sufuria ya Maziwa Chini ya Gari

Ndugu zangu wa mtaa huu na wa mitaa mingine, leo nina kinyaa, na sitakubali kukaa nacho peke yangu. Sogeeni niwape habari za nyumba moja ambayo labda mnaijua, maana kila mtaa una ya aina yake. Haikuumizwa na pombe wala kamari, na hapakuwa na mwanamke wa nje. Iliumizwa na matone ya mafuta, na mtu aliyeona aibu kusema kwamba gari lake ni bovu.

Asubuhi za nyumba hiyo zilianza kwa amani. Mama wa nyumba alikuwa mshonaji wa sare za shule, na watoto wote walimwita Mama Sare. Kabla jua halijafika barazani, yeye alikuwa ameshakunjua kitambaa juu ya meza ndefu, amechora mistari kwa chaki na kushika mkasi wake mzito wa chuma, ule ambao hakumwazima mtu hata kwa nusu saa. Alikata vitambaa vinne kwa mpigo mmoja na hakutoka nje ya mstari. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimeota sugu pale unapokaa mpini, na aliwahi kumwambia binti yake kwamba sugu ile ndiyo cheti chake.

Kisha mumewe akawasha gari.

Lilikuwa gari jeupe la zamani, la milango minne, na kila lilipogeuzwa kutoka uani lilikoroma. Injini ilikuwa nzima. Kilichokoroma ni usukani. Bwana akiukata kulia au kushoto, chini ya boneti ulitoka mlio mrefu wa kuguna, kuku wa jirani wakatawanyika. Hapo Mama Sare aliweka mkasi chini, akajifuta chaki kwenye kanga, akaenda kuketi kiti cha mbele upande wa kushoto. Hakuwa na safari yoyote. Alikwenda kusaidia kukata kona.

Naona mnacheka. Hata sisi tulicheka, na kicheko chetu nitakifikia baadaye. Usukani wa gari lile ulitengenezwa uwe mwepesi: kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, nayo inasukuma mafuta yamsaidie dereva kugeuza magurudumu. Mafuta yakipungua au yakichafuka, pampu inalia, na dereva anabaki kupambana na uzito wote kwa mikono yake. Bwana yule alipambana kwa mikono minne, miwili yake na miwili ya mkewe. Kona ya kulia, Mama Sare alisukuma usukani kwenda juu. Kona ya kushoto, aliuvuta chini. Barabara ikinyooka, aliachia na kuangalia dirishani kama abiria mwingine yeyote, kwa sababu bwana alimwagiza hivyo. Hakutaka watu waone.

Bwana huyu alistaafu baada ya miaka mingi ya ukaguzi wa afya, na hadi leo anaitwa Bwana Afya. Alikagua majiko ya hoteli, mabucha na machinjio. Alipitisha kidole chini ya meza za watu na kukiinua juu ili kila mteja akione. Siku moja alimwaga chini ndoo nzima ya maziwa ya mama mmoja muuza maziwa kwa sababu ya nzi mmoja, na mama yule akilia, Bwana Afya alimwambia uchafu hauna huruma. Alifunga biashara za watu kwa kalamu. Mtu wa namna hiyo, aliyeishi kwa kuwaonyesha wengine makosa yao, angewezaje kuingia gereji na kusema, "Gari langu lina kasoro, nisaidieni"? Msidhani alikuwa mkono wa birika. Pesa ya fundi ilikuwepo. Kilichokosekana ni ulimi wa kutamka maneno hayo.

Mafuta yalikuwa yanadondoka. Kila gari lilipolala uani, chini yake palibaki dimbwi dogo la rangi ya kahawia. Bwana Afya hakutaka dimbwi lionekane, basi akatafuta chombo cha kulikinga. Jamani, alichukua nini? Alichukua sufuria ya maziwa. Tafadhali nivumilieni. Aliichukua jikoni jioni, akaitega chini ya gari, na alfajiri akayachuja mafuta yale kwa kipande cha kitambaa alichookota kwenye mabaki ya ushonaji wa mkewe, akayarudisha kwenye kikopo cha usukani. Halafu akaiosha sufuria na kuirudisha jikoni, kwenye msumari wake.

Mama Sare aligundua siku ya Jumamosi. Alichemsha maziwa, na juu yake yakaelea maduara ya rangi rangi, mengi, yanayoteleza na kugongana. Alionja kwa ncha ya kijiko. Ulimi ukayakataa.

"Baba watoto," aliita, "sufuria hii imetumika kwa nini?"

Bwana Afya hakugeuka hata shingo. "Nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni. Mara mbili. Unanifundisha usafi mimi?"

"Yana mafuta."

"Ni mafuta ya maziwa hayo. Maziwa mazito."

Nawauliza, ndugu zangu, mnajua bwana huyo alikunywa nini asubuhi ile, na asubuhi zote kabla yake? Chai ya rangi. Kwa wiki tatu alikunywa chai ya rangi, akidai maziwa yanamjaza tumbo, huku akimtazama mkewe akinywa maziwa kutoka kwenye sufuria ile. Mimi nimeona mengi, nimeona hata machinjio yenyewe, lakini jambo hili likinijia wakati wa kula naweka kijiko chini.

Mama Sare aliyamwaga maziwa, na hakumwambia mtu. Alinunua sufuria nyingine na ile ya kwanza akaiachia gari. Kwake huko kulikuwa kumsitiri mume.

Sasa, nyumba hii ilikuwa na dawa yake. Binti yao wa pekee alikuwa fundi magari katika gereji kubwa upande wa pili wa mji, na mafundi wenzake walimpa jina la Spana. Usukani ndio ulikuwa eneo lake. Magari yaliyowashinda wengine yaliletwa kwake, naye aliweza kusikiliza pampu kwa dakika moja na kusema inaumwa wapi. Mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa alikuja kuwasalimu wazazi Jumapili mchana, akamkuta baba yake akigeuza gari, na uso ukamkunjamana.

"Baba, zima kwanza. Fungua boneti."

"Kwa nini?"

"Huo mlio. Naomba niangalie tu."

Bwana Afya alifungua, maana majirani walikuwa wanatazama na kukataa kungeonekana vibaya. Spana akafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya usukani, akachungulia. Mafuta yalikuwa meusi, yamejaa povu kama maji ya kufulia. Alichovya kidole, akanusa, akakisugua kwenye kidole gumba.

"Yameungua. Na yana mchanga. Baba, haya mafuta yametoka wapi?"

"Ni yake yale yale."

"Yanayodondoka unayarudisha?"

"Nayachuja," alisema Bwana Afya, akajinyoosha mgongo. "Kwa kitambaa safi."

Spana akamtazama mama yake. Mama Sare aliangalia chini. Binti akapiga magoti, akapeleka mkono nyuma ya pampu, akautoa umelowa. "Mpira wa kurudishia mafuta umepasuka hapa kwenye kibano. Ndio unaovuja. Kuubadilisha na kusafisha mfumo ni kazi ya nusu siku, nitaifanya mwenyewe. Lakini ukiendelea kumwaga uchafu humu ndani, pampu itakufa, na haitachagua mahali pa kufia. Itakufa kwenye kona."

"Nilikuwa nakagua kazi za watu wazima wewe hujazaliwa," alisema Bwana Afya kwa sauti iliyovuka ukuta. "Gari langu halina ubovu. Ni zito kwa sababu ni imara. Magari ya siku hizi ni mepesi kama makopo."

"Mama, mwambie."

Hapo, ndugu zangu, ndipo hadithi hii ilipoweza kuisha vizuri. Mama Sare alikuwa na neno la kusema: kwamba mabega yanamuuma, kwamba akitoka kukata kona mikono inamtetemeka na chaki inachora mistari iliyopinda, kwamba alikunywa uchafu. Aliyaacha yote. "Baba yako anajua gari lake," alisema.

Spana alifuta mikono, akaaga. Pale ukutani majirani walikuwa wameshapata la kuchekesha wiki nzima. Gari lile walilibatiza jina, Gari la Ndoa, kwa kuwa haligeuki mpaka wawili wapatane. Nami nilikuwemo. Nilicheka mpaka machozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kugonga mlango ule.

Zilibaki siku tatu shule zifunguliwe. Sare zilikuwa tayari, za kijani, zimekunjwa na kufungwa mafungu mafungu, zimejaza kiti cha nyuma hadi dirishani. Bwana Afya alikuwa amerudisha mafuta yake ya sufuria kama kawaida. Waliondoka saa nne asubuhi kupeleka sare shuleni, gari likikoroma kuliko siku zote, na kwenye kona mbili za kwanza usukani uligoma, ukalegea, ukagoma tena.

"Baba watoto, turudi."

"Sukuma tu."

Kona ya tatu ni ile ya duka la dawa, yenye mtaro wa zege pembeni. Ni kona ya kulia. Mama Sare alipitisha mkono wake wa kulia katikati ya mikono ya usukani, akashika kwa nguvu na kusukuma juu. Chini ya boneti kitu kikalia kwa ukali, mkanda ukakatika kwa mlio wa kofi, na usukani ukawa mzito ghafla kama umefungwa kwa mnyororo. Gari halikumaliza kona. Gurudumu la mbele likagonga ukingo wa mtaro, na ule mgongano ukarudi juu hadi kwenye usukani. Usukani ukajizungusha kinyume, mara moja, kwa nguvu zote za gari. Bwana Afya aliuachia. Mkono wa Mama Sare ulikuwa bado umo ndani.

Alikisikia kidole gumba kikivunjika kabla hajasikia maumivu.

Watu walikimbia. Muuzaji wa duka la dawa alimtoa garini, akamfunga mkono kwa fungu la sare, kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa karibu. Na Bwana Afya? Alishuka, akalizunguka gari, akainama kuangalia mtaro. "Barabara hizi!" aliwaambia waliokusanyika. "Hazikaguliwi! Tazameni wenyewe!" Mkewe ameketi chini ameshika mkono wake, na yeye anakagua barabara. Nilikuwepo. Nilitaka kutema mate, na ninasikitika kwamba sikutema.

Hospitalini daktari aliutazama mkono, akatazama picha ya mifupa yake, akauliza lililokuwa wazi. "Mama ulikuwa abiria. Mkono wako ulifikaje ndani ya usukani?"

Bwana Afya alidakia. "Tulipoyumba, alitafuta pa kujishikia. Unajua tena wanawake na woga."

Mama Sare alimgeukia. Miaka yote ya ndoa alikuwa amemtazama kwa heshima, kisha kwa uvumilivu, kisha kwa huruma. Sasa alimtazama kama alivyoyatazama yale maziwa.

"Nilikuwa naendesha nusu ya gari lake, daktari," alisema. "Ni mwaka mzima sasa. Andika hivyo."

Spana ndiye aliyelivuta gari hadi gereji. Alimwita baba yake aje aone, na mama alikuja pia, mkono umefungwa plasta ngumu hadi karibu na kiwiko. Binti hakusema mengi. Aliinua pua ya gari kwa jeki, akaweka vigingi, akaitoa pampu. Ilikuwa imekwama, haizunguki hata kwa spana ndefu. Akakitoa kikopo cha mafuta, akakigeuza juu ya karatasi nyeupe na kukigonga.

"Chini ya kikopo kuna chujio," alisema. "La wavu mdogo. Mafuta yote ya pampu yanapita hapo."

Aliingiza kibanio kirefu, akavuta. Kilichotoka kilikuwa kama donge la nywele lililotolewa kwenye bomba la bafuni, linateleza, linanuka kuungua. Akalisuuza kwa petroli ndani ya kopo, akalitandaza kwenye karatasi kwa ncha ya bisibisi. Weusi ulipotoka, zilibaki nyuzi. Nyuzi fupi fupi, nyingi, za kijani.

Mama Sare aliinama karibu. Hakuhitaji kuambiwa. Kitambaa kile alikinunua mwenyewe, alikikata mwenyewe, na alijua kinavyotoa manyoya pembeni kisipopindwa.

"Hicho ni kitambaa cha sare," alisema.

"Ndicho alichochujia," Spana alijibu. "Kila siku kimemwaga nyuzi humu. Mpira uliopasuka ungevuja tu, mama, gari lingekuwa zito na basi. Kilichoua pampu ni huku kuficha." Akamgeukia baba yake. "Baba, ulipokuwa kazini, ukikuta jiko la mtu hivi ungefanyaje?"

Mafundi wote waliacha kazi. Bwana Afya aliangalia karatasi, akaangalia mlango wa gereji, akafungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta barabara ya kulaumu. Hakuipata.

"Ningelifunga," alisema.

Spana alifanya kazi siku nzima. Aliweka mpira mpya na vibano vipya, kikopo kingine, pampu nyingine na mkanda. Kabla ya kuwasha injini aliyaacha magurudumu ya mbele yakiwa hewani, akamwagiza baba yake akae ndani na kuzungusha usukani toka mwisho hadi mwisho, polepole, huku mafuta ya zamani yakimwagika ndooni na yeye akiongeza safi juu. Kulia, kushoto, kulia. Bwana Afya alizungusha mara arobaini na zaidi, peke yake, jasho likimtoka, mkewe amesimama mbele ya kioo anamtazama. Mafuta yalitoka meusi, kisha kahawia, kisha mekundu angavu, na povu likaisha. Injini ilipowashwa, usukani uligeuka kwa kidole kimoja na haukutoa mlio.

Lakini gari lina vipuri, ndugu zangu, na Mama Sare hana. Plasta ilipoondolewa, kidole gumba hakikukunja tena. Kimesimama wima mpaka leo. Anaweza kukanyaga cherehani na kuongoza kitambaa kwa kiganja, ila mkasi haushiki.

Siku ya kwanza aliyorudi mezani, Bwana Afya alikuja akichezea funguo. "Mke wangu, gari jepesi sasa. Twende nikuzungushe kidogo, upunge upepo."

"Sipandi," alisema Mama Sare. Akausukuma mkasi juu ya meza. "Kaa hapa. Kata kwenye mstari."

Bwana Afya aliketi. Alikata shubiri moja, mkasi ukatoka nje ya chaki na kuingia begani mwa sare. Akaugeuza mkononi, akaukazia macho. "Mkasi wenyewe mbovu huu."

Mama Sare alisimamisha cherehani. Aliinua mkono wake wa kulia, akauweka mezani mbele yake, kidole gumba kimesimama.

"Rudia ulichosema."

Mumewe alikitazama kidole kile, akauweka mkasi mezani.

"Sijui kukata," alisema Bwana Afya, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. "Nifundishe."

Akamfundisha. Sufuria ya maziwa Mama Sare aliitoboa kwa msumari katikati, akaitundika kwenye nguzo ya lango lao, nje, na mgeni akiuliza, anayetakiwa kueleza ni Bwana Afya. Anaeleza. Msidhani mimi nimemsamehe. Bado nikipishana naye nakumbuka ile chai ya rangi. Lakini mstari anaukata sawasawa siku hizi.

MAFUNZO

Ubovu si aibu. Mpira wa gari unazeeka na kupasuka, na nyumba nayo ina mahali inapovuja. Aibu ni kutega sufuria chini yake, kuchuja uchafu na kuurudisha ndani, halafu kuwanywesha wengine. Kilichofichwa hakikai kilipofichwa. Kinapita kwenye kila mrija wa nyumba, na kinaziba mahali usipopaona mpaka siku ya kona.

Wewe unayemsaidia mwenzio kuzungusha usukani mbovu kwa siri, ukidhani unamtunzia heshima, jua kwamba unamwongezea siku za kutotengeneza, na kitakachovunjika ni chako. Sema mapema, kidole kikiwa kizima.

Nasi wa ukutani tusijitie hamnazo. Tulisikia mlio ule kila asubuhi kwa mwaka mzima, tukaupa jina la kuchekesha. Hilo nalo ni uchafu, na ningekuwa mkaguzi ningeanza kufunga kwangu.

Kesho gari lako likikoroma, lizime, ufungue boneti, uite mtu anayejua. Likiwa halikoromi, angalia hata hivyo ni sufuria gani haipo jikoni.